Namna ya kumtafuta paka dhahabu msituni, na kujua kama kweli hayupo

Wadau, hili swali nimeulizwa mara nyingi sana, hasa na vijana wanaosoma wanyamapori na wale wa vikundi vya kulinda misitu, kwamba tunajuaje kama msitu wetu una paka dhahabu au hauna. Sasa nimeamua niandike yote kwa pamoja maana kueleza vipande vipande kwenye simu nimechoka. Mi sio dokta wala profesa, nimebeba kamera nyuma ya watafiti huku Kagera na upande wa Uganda, kwa hiyo nachoandika hapa ni vile kazi inavyofanyika ukiwa na matope mpaka magotini, sio vile inavyoandikwa kwenye proposo.

Tuanze na mwenyewe tunayemtafuta. Paka dhahabu, wanasayansi wanamwita Caracal aurata, ndiye paka pekee wa Afrika ambaye maisha yake yamefungwa na msitu. Ndugu zake wa karibu ni simbamangu na mondo, ila hao wamejichagulia nyika kavu na majani marefu, huyu akabaki gizani chini ya miti. Ukubwa wake ni kama mara mbili ya paka wa nyumbani, kilo 5 na nusu mpaka 16, mwili umejaa, miguu mifupi minene, mkia mfupi usiofika nusu ya urefu wa mwili. Anapatikana kwenye misitu kuanzia Senegal mpaka Kenya, kusini anafika Angola kaskazini. Karibu na sisi, Uganda yupo Bwindi na Kibale, Congo yupo, na Tanzania picha yake ya kwanza ilipigwa na kamera za mtego mwaka 2018 kwenye msitu wa Minziro, wilaya ya Missenyi, pale mpakani kabisa. Hebu fikiria hilo kidogo. Msitu upo siku zote, vijiji vipo pembeni, watu wanaingia kutafuta kuni na dawa kila siku, af picha ya kwanza inakuja 2018. Kwa hiyo mtu akikuambia "huku hayupo, sijawahi kumwona", we mwitikie tu kwa heshima, ila usiandike kwenye ripoti.

Kabla hujakanyaga msituni, karatasi. Najua hakuna anayependa hii sehemu. Kwa Tanzania utafiti wa wanyamapori unapitia TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), na kama msitu ni hifadhi ya mazingira asilia kama Minziro basi TFS, wakala wa misitu, ndo wenye nyumba. Uganda ni UWA, mamlaka yao ya wanyamapori, na baraza lao la sayansi. Halafu ukishapata barua za wakubwa usijione umemaliza, unashuka wilayani, unashuka kwa mtendaji wa kata, unashuka kwa mwenyekiti wa kijiji, na ukiweza omba dakika kumi kwenye mkutano wa kijiji ueleze zile kamera ni za nini. Nimeona kazi ya miezi miwili ikiharibika sababu timu moja, siitaji, iliingia na kibali cha juu ikampita mwenyekiti kama vile hayupo, wakarudi baada ya wiki tatu kamera kumi na moja hazipo na hakuna mtu kijijini aliyeona kitu.

Kuuliza watu

Hii ndo hatua rahisi kuliko zote na ndo inayofanywa vibaya kuliko zote. Mtu anafika kijijini anatoa picha ya paka dhahabu kwenye simu anamwonyesha mzee, "mzee huyu mnyama yupo huku?" Mzee kwa adabu zake anasema yupo mwanangu, yupo sana. Atakuambiaje hapana na umetoka mbali vile? Ukimwonyesha picha ya twiga nayo anaweza kukuambia alipita juzi.

Anza na maswali ya wazi. Shikamoo, karibu, habari za mashamba, maliza hizo zote kwanza, usiwe na haraka. Halafu muulize mzee wangu, wanyama gani mnawajua kwenye msitu huu? Mwache ataje mwenyewe kwa lugha yake, Kihaya, Kiganda, Kikiga, yoyote ile, we andika jina kama alivyolitamka. Akifika kwenye jamii ya paka ndo uchimbe: ana ukubwa gani, mkia mrefu au mfupi, masikio yakoje, anapanda miti, ulimwona wapi, mwaka gani, ulikuwa na nani, kilikuwa kiangazi au masika. Mtu aliyemwona kweli atakupa vitu vidogo vidogo ambavyo huwezi kuvitunga, kama vile alivyogeuka kumwangalia au alichokuwa amebeba mdomoni.

Picha zinakuja mwisho. Na kwenye zile picha changanya na mnyama ambaye haiwezekani awepo, chuimilia kwa mfano, au yule paka wa Ulaya mwenye ndevu za mashavuni. Mtu akikuambia chuimilia yupo msitu wa Kagera basi maelezo yake yote weka pembeni, usibishane naye, mshukuru, kunywa chai, ondoka.

Jina lenyewe nalo ni mtihani. Kiswahili cha mtaani paka yeyote wa porini ni "paka pori" au "kimburu", na sehemu nyingi paka dhahabu anaitwa kwa majina yanayomhusisha na chui, ndugu yake chui na mengine ya namna hiyo, kwa hiyo ukiuliza "paka" unaweza ukakosa kabisa ila ukiuliza habari za chui anajitokeza. Kusini magharibi mwa Uganda wanamwita embaka, na hilo jina ndo lilichukuliwa na shirika la Embaka lililoanzishwa na mtafiti wa Uganda Badru Mugerwa kwa ajili ya huyu mnyama. Ukijua jina la pale umeokoa wiki nzima.

Na mambo ya uwindaji usiyaulize moja kwa moja. Wale wanaomjua paka dhahabu kuliko mtu yeyote ni wawindaji wa tanzi, maana ananasa kwenye tanzi walizotegea paa na nguruwe pori. Sio kwamba wanamtaka yeye, anakufa tu kwa bahati mbaya. Ukimfanya yule bwana aone we ni askari umempoteza. Usiandike jina lake, usimpige picha, na ukiahidi siri basi iwe siri, hata bosi wako akiuliza. Akikuonyesha ngozi aliyoitunza ndani, iombe uipige picha ikiwa na rula au hata kiberiti pembeni kuonyesha ukubwa, mgongo, tumbo, na mkia. USIINUNUE. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi, maana ukinunua moja leo kesho utaletewa tatu na we ndo utakuwa umewaua.

Kuangalia msitu wenyewe

Watu wengi wanadhani makazi ya mnyama wa msitu unayapima kwa kuhesabu miti mikubwa. Miti ni muhimu ndio, ila sikiliza hii. Gabon walifanya utafiti wa kamera kwenye maeneo ya namna tofauti, hifadhi ya Ivindo isiyoguswa wakapata kama paka 16 kwa kila kilomita 100 za mraba, kwenye misitu inayovunwa magogo na uwindaji ukiwa umebanwa wakapata kati ya 10 na 13, af kwenye eneo ambalo wanakijiji wanawinda wakapata wasiofika 4. Umeona? Msitu uliokatwa magogo unaushinda kwa mbali msitu wenye mitego. Kwa hiyo ukiingia usitazame juu tu, tazama chini.

Mi huwa nafanya hivi. Nachora mistari ya kilomita moja moja kwenye ramani, inayopita sehemu mbalimbali za msitu, bondeni, mgongoni mwa kilima, karibu na ukingo na katikati kabisa, halafu tunatembea taratibu watu watatu, mmoja anatazama kushoto mwingine kulia, wa tatu anaandika. Kila tanzi tunaihesabu, ya waya au ya kamba, mpya au ya zamani, na tunaitoa kama kibali kinaruhusu. Tunaandika visiki, matanuri ya mkaa, njia za ng'ombe, makopo, vibanda vya wapasua mbao. Mwisho unapata idadi ya tanzi kwa kilomita, na hiyo namba moja inakueleza habari za huyu paka kuliko maelezo ya kurasa kumi kuhusu aina za miti.

Kila mita 200 simama. Angalia juu kupitia bomba, hata kipande cha bomba la maji kinatosha, uone majani yamefunika anga kiasi gani, robo, nusu, au yote. Angalia chini kumefunga kiasi gani: mwenzako asimame mita 10 akiwa ameshika fimbo yenye alama nyekundu na nyeupe, hesabu alama unazoziona. Huyu paka anapenda sehemu zilizofunga chini ambapo anaweza kujificha na kuvizia, magogo yaliyoanguka, vichaka vya pembeni mwa vijito. Andika umbali wa maji na umbali wa shamba la karibu.

Halafu chakula. Anakula panya wa aina zote, ndege, paa wadogo wa msituni kama funo na chesi, na kima akiwapata, Kibale kuna video ya mwaka 2014 inamwonyesha akiwavamia mbega wekundu. Kwa hiyo mavi ya paa na njia zao, mashimo ya panya buku, sauti za kima asubuhi, vyote vinaingia kwenye fomu. Msitu wa kijani kibichi ambao ukikaa kimya nusu saa husikii hata majani yakichakarika chini, huo mi huwa sina matumaini nao sana hata kama kwenye picha za satelaiti unapendeza.

Kitu kingine ni chui. Bwindi chui walishatoweka, kwa hiyo paka dhahabu ndo paka mkubwa kuliko wote pale. Kama msitu wako una chui bado, andika umewaona wapi, maana inawezekana mdogo anamkwepa mkubwa, na kamera zote ukiziweka kwenye barabara kuu za chui utakuja kulalamika bure.

Alama za chini, kwa kifupi

Nyayo na mavi visikupotezee muda sana. Unyayo wa paka ni vidole vinne, kucha hazionekani sababu anazirudisha ndani, na kisigino nyuma kina mikunjo mitatu. Mbwa na bweha kucha zinaonekana. Fungo na kanu, wanyama wadogo wanaofanana na paka, wana vidole vitano ingawa cha tano mara nyingi hakichapi vizuri, hapo ndo watu wanadanganyika. Lakini kutoka kwenye unyayo huwezi kusema huyu ni paka dhahabu na yule ni mondo, ukisema hivyo unabahatisha. Mavi ni hivyo hivyo, kwa macho hayatofautiki na ya paka wengine wa ukubwa ule, mpaka maabara ya DNA. Kama bajeti ipo yakusanye kwa glovu, weka kwenye kichupa chenye spiriti au chembe za kukausha unyevu, andika tarehe na GPS. Kama bajeti haipo piga picha endelea na safari.

Kamera, hapa ndo penyewe

Kamera za mtego zinawaka zenyewe mnyama akipita, zinahisi joto na mwendo. Zikitegwa vizuri zinakufanyia kazi miezi bila kulala na zikitegwa vibaya zinakuletea picha elfu nne za jani moja linalopepea. Hiyo ya elfu nne imenitokea mimi, jani la ndizi pori, wiki sita zima.

Wapi? Gawanya msitu kwa gridi, mraba wa kilomita moja na nusu mpaka mbili kwa kila upande, kila mraba kamera moja. Hii ni kama unataka kujua yupo wapi na hayupo wapi. Kama unataka kuhesabu wako wangapi ni habari nyingine, hapo unazisogeza karibu zaidi na kila kituo kinakuwa na kamera mbili zinazotazamana, nitaeleza kwa nini. Ndani ya mraba usiweke kamera pale gridi inapokuambia tu kama kipofu, tembea mita mia huku na huku utafute njia ya wanyama, gogo linalotumika kama daraja, sehemu njia mbili zinakutana, ukingo wa kijito. Njia za zamani za magogo zilizoanza kufunga ni nzuri mno, paka naye ni kama sisi, hapendi kupasua vichaka kama kuna njia ya bure.

Funga kamera kwenye mti usioyumba, sentimita 30 mpaka 40 kutoka ardhini. Watu wanaifunga kifuani kwao kisa wanaona raha kuitazama, na huyu mnyama begani ana sentimita 38 mpaka 55 tu, utapiga hewa juu ya mgongo wake. Umbali kutoka njiani mita mbili na nusu hadi tatu na nusu. Usiielekeze mashariki wala magharibi, jua la asubuhi na jioni litaiwasha ovyo. Igeuze kidogo ikate njia kwa mshazari ili ipate mnyama muda mrefu zaidi akiwa anakuja, sio kumkata ubavu akishapita. Fyeka majani yaliyo mbele, machache tu yale yanayopepea, usilime uwanja wa mpira.

Baada ya hapo mtu mmoja atambae. Nipo siriasi. Mwenzako apige magoti na mikono apite njiani kama paka, mara tatu, upande huu na ule, haraka na polepole, we angalia kama taa ya majaribio inawaka. Vijana wanaonaga aibu, wanapunga mkono mbele ya kamera wanaondoka. Mkono wako uko juu na una joto, paka yuko chini na mvua imemlowesha.

Setingi: picha tatu kwa mpigo, hakuna mapumziko kati ya mpigo na mpigo, saa ya saa 24. Ile ya AM na PM achana nayo kabisa, Mswahili ukichanganya saa zetu na saa zao af na AM juu yake, mwisho wa siku una paka wa saa sita ambaye hujui ni mchana au usiku, na huyu anatembea mchana na usiku kwa hiyo huwezi hata kukisia kwa tabia. Fomati memori kadi ndani ya kamera yenyewe. Betri za lithiamu kama pesa inaruhusu, zile za bei rahisi unyevu wa msitu unazimaliza mapema. Weka kipakiti cha chembe za kukausha unyevu ndani, pangusa mpira wa mlango, funga. Ukifungua ukakuta siafu wamehamia, wapige brashi tu, usipulizie dawa ya wadudu, harufu itakaa siku nyingi.

Harufu ina watu wanaoitumia kuvuta paka, manukato ya dukani hata, na wengine wanafunga kuku. Mi nashauri usitumie chochote kwenye kazi ya kupima makazi. Ukimvuta kutoka bondeni aje kilimani kunusa, utaandika kilimani ndo kwake.

Flashi sasa. Kamera za infraredi zinapiga usiku bila kumshtua sana mnyama lakini picha ni nyeusi na nyeupe. Na paka dhahabu bwana pamoja na jina lake anakuja kwa rangi mbili kuu, wa kahawia nyekundu na wa kijivu, na wapo weusi kabisa. Zamani walidhani ni wanyama wawili tofauti, mpaka bustani ya wanyama ya London mwanzoni mwa miaka ya 1900 mmoja akabadilika kutoka mwekundu kuwa wa kijivu ndani ya miezi minne. Kwa hiyo kwa infraredi usiku hutajua rangi, na madoa ambayo yangekusaidia kumtambua mmoja mmoja yanafifia. Flashi nyeupe inatoa picha safi sana ila wezi wanaiona kutoka mbali. Msitu wenye watu wengi weka infraredi, ndani kabisa weka nyeupe, na kama pesa ni ya aina moja chukua infraredi usijiumize kichwa.

Ziache siku 30 kwa uchache, mi napenda 60. Huku Kagera nenda Juni mpaka Agosti, masika Minziro ni maji, ni msitu wa bondeni pale kwenye mto Kagera, mafuriko yanakuja taratibu na unakuta kamera ya sentimita 35 inapiga picha za samaki kambare. Pita mara moja katikati kukagua betri, usipite kila wiki, harufu yako na kelele zako nazo ni usumbufu. Kama msitu una tembo kama Kibale, kubali tu kwamba moja mbili zitang'olewa.

Ukiona watu kwenye picha, na utaona, kubalianeni mapema mtafanya nini. Sisi tulikuwa tunafuta. Ukipeleka sura ya mama aliyebeba kuni kwa askari, mwakani usirudi kijiji kile.

Ni yeye au sio yeye

Picha ikija moyo unaruka, tulia. Angalia masikio kwanza: mafupi, ya mviringo, nyuma meusi, hayana vinywele vya kusimama nchani. Vikiwepo ni simbamangu. Masikio makubwa yamesimama karibu karibu juu ya kichwa, miguu mirefu kama amevaa viatu virefu, huyo ni mondo. Kuwa makini na mondo wa madoa madogo madogo, yule anaonekana kama vumbi la madoa, anakaa pembezoni mwa misitu na amewadanganya wengi. Mwenye barakoa nyeusi usoni na manyoya ya mgongo yaliyosimama ni fungo. Mwembamba mwenye mkia mrefu wa pete pete ni kanu. Mtoto wa chui ana maua maua mwilini na mkia mrefu. Paka dhahabu uso wake una weupe mashavuni na juu ya macho, tumbo jeupe lenye madoa meusi hata kama mgongoni hana doa hata moja.

Hilo tumbo na ndani ya miguu ndo alama za vidole vyake, hakuna wawili wanaofanana. Ila ubavu wa kushoto haufanani na wa kulia, ndo maana nilisema kamera mbili zitazamane. Ukiwa na moja tu utapata kushoto leo, kulia kesho, utahesabu paka wawili kumbe ni yule yule anaenda na kurudi.

Picha za mfululizo zihesabu kama tukio moja mpaka ipite nusu saa au saa nzima, chagua moja ushikilie hiyo hiyo. Akikaa mbele ya kamera akijilamba dakika tano sio matukio ishirini.

Hesabu, usiikimbie

Sasa umemaliza, kamera 30 siku 60, ni usiku 1,800 wa kamera, na hujapata hata picha moja. Hayupo? Tufanye mfano. Tuseme kwenye msitu wenye paka wachache picha moja inakuja kwa wastani kila usiku 1,000 wa kamera. Kwa usiku 1,800, uwezekano wa kutoka mikono mitupu wakati yupo ni kama asilimia 17. Yaani misitu sita yenye paka, mmoja utauandika hauna. Ukifika usiku 3,000 unashuka kwenye asilimia 5, hapo angalau unaweza kusema neno bila aibu. Kwa hiyo kwenye ripoti usiandike "paka dhahabu hayupo msitu huu", andika ulitega kamera ngapi, wapi, siku ngapi, ngapi ziliharibika, na kwamba hakupigwa picha. Siku ambazo kamera ilikuwa imekufa zitoe kwenye hesabu, watu wengi wanaziacha humo ili namba ionekane kubwa.

Kwa kila mraba mmoja mmoja ni vile vile. Kama yupo kwenye mraba na kila siku sita za kutega una nafasi moja kati ya tano ya kumpata, baada ya vipindi vitano, yaani siku 30, umefika asilimia 67 tu. Vipindi kumi, siku 60, asilimia 89. Ndo maana mi napenda 60. Vijana wanaojua kompyuta wana programu za kupiga hii hesabu kwa data nzima, zinatenganisha "hayupo" na "yupo ila hatukumwona", af zinakuonyesha kama tanzi, umbali wa kijiji au wingi wa paa ndo vinavyoamua. Mpelekee mtu wa hivyo fomu zako zikiwa zimejazwa vizuri na atakushukuru, mpelekee daftari lenye matope na namba zisizosomeka atakublock.

Na kama umempata? Kwanza usiposti. Najua vidole vinawasha. Ile picha ina tarehe na pengine GPS ndani yake, na sehemu ambayo paka mmoja anapita ndo sehemu ambayo mtu mwenye tanzi angependa kuijua. Watumie watu wawili watatu wanaomjua wathibitishe bila kuwaambia we unadhani ni nani, waandikie tu "huyu nani?" Halafu taarifa kwa wenye msitu, TFS au UWA, na watu wa utafiti waliokupa kibali. Ukija kuitoa hadharani taja msitu, usitaje bonde.

Baada ya hapo chapisha ile picha kubwa kwa rangi, peleka kijijini. Kule Bwindi Embaka walienda mbali zaidi, familia zinazoacha kuwinda zinapewa nguruwe wa kufuga, na kila kijiji kina mahitaji yake, ila hata picha peke yake inafanya kazi. Mzee mmoja tulimpelekea, wa kwanza kabisa tuliyemhoji, yule tuliyemwandika kwamba maelezo yake yana mashaka kwa sababu alisema mnyama mwenyewe kuna wa rangi mbili. Akaishika kwa mikono miwili akaitazama muda mrefu, halafu akaniuliza na yule wa kijivu je, mmempiga lini?